Mwanamke wa Dirisha la Dawa

Barua ilifika Jumanne mchana, haina jina la mwandishi wala tarehe. Jumatano kabla jua halijapanda, ilikuwa imekwisha kumtoa Bi Taratibu kitandani na kumsimamisha nyuma ya kibanda cha fundi viatu, mkabala na kliniki ya waraibu wa dawa za kulevya.

Jina hilo alipewa kazini. Alikuwa sajini wa upelelezi aliyeazimwa na mahakama kuwafuatilia wafungwa walioachiwa kwa masharti, na kwa miaka kumi na minane hakuwahi kutia sahihi jambo ambalo hakuliona kwa macho yake. Vijana wa ofisini walimcheka. Wakubwa walimnung'unikia. Lakini hakuna ripoti yake iliyowahi kurudishwa.

Alikuwa ameisoma barua mara nne. "Mfungwa wenu Fundi anawachezea shere. Dawa hanywi yeye, anayemnywea ni mdogo wake. Nendeni mkajionee saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mimi, mpenda haki."

Mfungwa mwenyewe aliitwa Fundi na kila aliyemfahamu, kwa sababu tangu ujana alikuwa mshonaji. Miaka miwili iliyopita aliiba majora matatu ya kitambaa cha mapazia kwenye karakana aliyoitumikia miaka tisa, akayauza, na kilichopatikana kikaishia kwenye unga. Alihukumiwa miaka mitatu. Alipomaliza miezi kumi na mmoja, hakimu alimtoa kwa sharti moja: aende kliniki kila siku kwa mwaka mzima, anywe dawa ya maji ya kumtoa kwenye uraibu mbele ya muuguzi, bila kuruka siku. Akimaliza mwaka, kifungo kilichobaki kingefutwa. Akidanganya hata mara moja, angerudi ndani kumalizia miezi ishirini na mitano.

Mwaka wenyewe ulikuwa unaisha Ijumaa.

Saa kumi na mbili na dakika thelathini na nne, mwanamke mrefu aliingia getini, khanga imemfunika hadi kwenye nyusi. Alisimama kwenye dirisha la dawa, akabonyeza dole gumba kwenye kidau cha wino, akalichapa kitabuni, akapokea kikombe kidogo cha plastiki na kukinywa mpaka tone la mwisho. Muuguzi akamwamuru afungue mdomo kuthibitisha kwamba amemeza. Khanga iliteleza. Bi Taratibu akatazama picha ya Fundi aliyokuwa ameishika, kisha akautazama tena uso wa yule mwanamke. Paji pana, mwanya wa mbele, kidevu kilichochongoka. Shilingi kwa ya pili.

Aliandika saa kwenye kijitabu chake. Hakumfuata yule mwanamke. Wino wa pale ulikuwa wa zambarau, wa aina inayokaa kidoleni mpaka jioni hata usugue kwa jiwe, na hilo lilimtosha.

Saa moja na nusu alikuwa kwenye chumba cha ushonaji ambako Fundi alikuwa ameajiriwa kushona sare za shule. Cherehani sita zilikuwa zinanguruma. Fundi alikuwa wa mwisho, karibu na dirisha, mdomo umebana pini tatu.

"Habari za asubuhi, binti. Nyoosha mkono wa kushoto."

Fundi akatoa pini mdomoni, akanyoosha. Dole gumba lilikuwa safi, halina hata kivuli cha wino. Kilichokuwapo ni kovu jeupe, jembamba kama uzi, lililokata nyama ya kidole mshazari.

"Hili la nini?"

"Sindano ya cherehani, mama. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi. Iliingilia huku ikapasua mpaka kule."

"Dawa umekunywa leo?"

"Bado. Huwa nakwenda saa sita, wakati wa mapumziko."

"Basi nisaidie," alisema Bi Taratibu, akavuta kigoda na kukaa. "Leo asubuhi nimemwona mwanamke mwenye sura yako anakunywa dawa pale dirishani. Nani yule?"

Mguu wa Fundi ukaacha kukanyaga. Cherehani ikanyamaza.

"Sijui, mama."

"Una mdogo wako?"

"Ninaye. Anapika kwenye jiko la shule."

"Mnafanana?"

"Watu husema."

"Ndiye niliyemwona?"

Fundi alikitazama kitambaa cha bluu mbele yake kama vile ndicho kilichoulizwa. "Andika ulichokiona, mama. Mimi sina la kuongeza."

"Ijumaa ni keshokutwa. Nikiandika nilichokiona, unarudi ndani miezi ishirini na mitano. Hilo unalijua?"

"Najua. Jela naikumbuka mpaka harufu yake." Alivuta pumzi. "Lakini sina la kuongeza."

Bi Taratibu alitoka akiwa na mashaka. Alikuwa amewahoji waongo wengi maishani, na mwongo akibanwa huwa na maneno tele. Atakuapia, atakulilia, atakutajia jirani mchawi. Huyu alikuwa anayameza maneno yake kama dawa chungu. Hata hivyo, ukimya si ushahidi. Kwa yaliyokuwa kijitabuni mwake, Fundi alikuwa tayari amekwisha.

Saa nne alipata kibali cha mahakama cha kukagua kumbukumbu za Fundi. Saa nne na nusu alikuwa mbele ya muuguzi wa kliniki, mama mwenye mabega mapana na funguo nyingi kiunoni.

Muuguzi alikisoma kibali mstari kwa mstari, akakigeuza kuona kama nyuma kuna kitu, kisha akaleta kitabu kikubwa chenye jalada jekundu. "Kurasa zake ni hizi. Za wengine nimezibana kwa vibanio. Kibanio kikifunguka, ukaguzi umekwisha."

"Tutaelewana, dada. Nami ndivyo nifanyavyo kazi."

Alitoa kioo chake cha kukuzia, akaanza na siku ya kwanza. Kila mstari ulikuwa na tarehe, saa, kipimo cha dawa, sahihi ya muuguzi na alama ya dole gumba la kushoto. Saa zote zilikuwa za mchana: saa sita na dakika kumi, saa sita na robo, saa sita na dakika ishirini. Na katikati ya kila alama ya zambarau ulipita mstari mweupe, mshazari, mwembamba kama uzi.

Hakuruka. Mwezi wa kwanza, kovu. Wa pili, kovu. Wa tatu, kovu. Shingo ikaanza kumuuma. Katika mwezi wa tano, tarehe kumi na saba, kioo kikasimama.

Alama ilikuwa nzima, haina kovu.

Na ya siku iliyofuata pia. Siku nne mfululizo, dole la mtu mwingine. Bi Taratibu aliweka kioo mezani. Kumbe barua ilisema kweli! Alishangaa kujikuta amehuzunika, maana mpelelezi akipata alichokitafuta hapaswi kuhuzunika.

"Dada, hizi siku nne nani alichapa?"

Muuguzi akainama, akaangalia, akaguna. "Umesoma safu ya mwisho?"

Safu ya mwisho ilikuwa nyembamba, na maandishi yake yalikuwa madogo kama chawa. Bi Taratibu akasogeza kioo. "Kidole cha kushoto kina bandeji, kimekatwa na mkasi. Limetumika la kulia."

"Kidole cha kulia mlikichukua mlipomwandikisha?"

"Vyote kumi." Muuguzi akatoa fomu ya siku ya kwanza.

Bi Taratibu akalinganisha mistari ya kidole cha kulia kwenye fomu na zile alama nne. Kizingo kwa kizingo, zilikuwa za kidole kimoja. Siku ya tano, bandeji ilipotoka, kovu jeupe likarudi mahali pake na halikuondoka tena hadi jana.

Alikuwa bado anasugua macho aliposikia sauti anayoijua nje ya dirisha. Saa sita na dakika kumi na mbili. Fundi, na vipande vya uzi wa bluu vimemganda kwenye gauni, alichapa dole, akanywa, akafungua mdomo, akashukuru na kuondoka mbiombio. Hakumwona aliyekuwa ndani. Wino ulikuwa bado mbichi Bi Taratibu alipousogezea kioo. Kovu lilikuwapo.

"Mwaka mzima," alisema polepole. "Hakuruka hata siku moja."

"Hata siku ya mvua ile kubwa," alisema muuguzi. "Alifika amelowa chepechepe. Nilimpa shuka ajifunike."

"Sasa yule wa asubuhi ni nani?"

Muuguzi akafunga kitabu. "Kibali chako kina jina la mtu mmoja."

"Sikuulizi jina."

"Hata kivuli chake sikupi."

Bi Taratibu akatabasamu. Angekuwa yeye, naye angejibu hivyo hivyo. "Basi nikuulize la kazi tu. Mtu anaweza kufika hapa akanywa dawa ya mwenzake?"

"Hawezi. Kila mmoja ana namba yake, dole lake na kipimo chake. Anayefika dirishani anakunywa cha kwake."

Cha kwake. Bi Taratibu alitoka nje akasimama kwenye baraza, neno hilo likimzunguka kichwani. Yule mwanamke hakuwa amemnywea mtu. Mbona hilo hakuliona mapema? Amekuja kunywa cha kwake, kwa namba yake. Na dada mtu alikuwa tayari kurudi jela kuliko kulitamka.

Angeweza kuishia pale. Lakini alichokiona asubuhi kilikuwa kimeandikwa, na hakimu angeuliza swali lile lile: nani yule? Tena mwenye barua bado alikuwa mtaani, na aliyeandika moja anaweza kuandika ya pili, akaipeleka shuleni.

Alirudi ofisini, akaiweka bahasha chini ya taa. Jana alikuwa ameona kitu kwenye gundi ya kifuniko na kukiandika bila kukielewa: vinywele vifupi, kama kumi na viwili, vingine vyeusi, vingine vyenye mvi, kimoja kimepakwa rangi nyekundu. Vyote vimekatwa ncha mbili kwa chuma kikali. Nywele za vichwa vingi kwenye bahasha moja. Akili ni nywele, walisema wahenga, kila mtu ana zake. Huyu alikuwa na za watu wote.

Akafungua jalada la Fundi, ukurasa wa wadhamini. Mdhamini wa pili: shemeji yake, mume wa mdogo wake. Kazi: kinyozi.

Kinyozi alikuwa na kibanda cha viti viwili karibu na kituo cha mafuta. Bi Taratibu alimkuta amemnyoa mteja upande mmoja wa kichwa. Aliweka kitambulisho chake mezani, na juu yake akaiweka bahasha.

"Mpenda haki," alisema. "Habari ya kazi?"

Mashine ya kunyolea iliendelea kuvuma hewani. Kinyozi, kipande cha mtu mwenye macho ya usingizi, aliitazama bahasha kisha akamtazama mteja.

"Kaka, kapunge upepo kidogo."

"Na kichwa hiki?" mteja aliuliza kwa hofu.

"Dakika tano tu."

Mteja akatoka ameshika upande wenye nywele. Kinyozi akazima mashine na kukaa kwenye kiti cha wateja kama mtu anayengoja kunyolewa yeye.

"Umenijuaje?"

"Gundi yako imekula nywele. Haya, niambie."

Akamwambia. Mke wake huondoka nyumbani alfajiri, anasema jikoni shuleni wanaanza mapema. Mwezi na zaidi sasa. Siku moja akapita shuleni, mlinzi akamwambia jiko halifunguliwi mpaka saa mbili.

"Nilijua nimeibiwa mke, mama. Nikamfuata, nakuambia nilikuwa na rungu ndani ya koti. Namwona anaingia kliniki! Nikasema, kumbe ndilo hili. Anamnywea dada yake dawa. Wakikamatwa wanafungwa wote wawili, na mimi nina watoto wadogo."

"Ukaandika barua ili akamatwe?"

"Ili aache!"

"Barua kwa polisi haimwachishi mtu, baba. Inamkamatisha. Kwa nini hukumuuliza mwenyewe?"

Kinyozi akainamia mikono yake. "Niliogopa jibu."

"Shemeji yako amekunywa dawa yake mwenyewe, siku zote za mwaka. Hilo nimelikagua kwa macho yangu."

"Na mke wangu? Yeye anafuata nini pale?"

Bi Taratibu alichukua bahasha yake. "Hilo si langu kulisema, na kama ningelijua nisingelisema. Kamuulize. Lakini muulize kama mume, maana upelelezi umekushinda."

Alhamisi saa tatu asubuhi waliingia ofisini kwake pamoja. Mwanamke alikuwa amejifunga khanga ile ile, safari hii mabegani, uso wazi. Mumewe alimsogezea kiti, akabaki amesimama nyuma yake.

"Mimi ndiye uliyeniona," alisema mwanamke. "Mume wangu ameniuliza jana alipotoka kazini, nikamwambia yote. Sasa nakuambia wewe."

Alieleza bila kulia, kama mtu aliyekwisha kulia kwingine. Alipojifungua mtoto wa pili alipasuliwa, na maumivu yakakataa kuondoka. Hospitali ilimpa vidonge vikali. Vidonge viliisha, maumivu yakaisha, lakini mwili ukawa unavidai. Akaanza kununua mtaani. Miaka miwili. Jikoni hakuna aliyejua, nyumbani hakuna aliyejua. Aliyemgundua ni dada yake, siku moja aliyomtembelea na kumkuta ana jasho, anapiga miayo, kamasi zinamtoka bila mafua.

"Nikamwambia ni homa. Akanitazama tu. Akasema, 'Mdogo wangu, hiyo ni arosto, mwili unadai dawa. Mimi nimeisomea mpaka jela.' Kesho yake akanishika mkono akanipeleka kliniki. Leo ni siku ya arobaini na moja."

"Ukamwapisha asiseme. Nilipomhoji, hakusema."

"Nilimwapisha. Ninawapikia watoto wa watu, mama. Nikijulikana nitafukuzwa kazi." Akaivuta khanga mabegani. "Lakini sikujua kama mmekwenda kumhoji. Hakuniambia! Angerudi jela ameuziba mdomo wake kwa ajili yangu."

Kinyozi akakohoa. "Mama, niseme moja. Mimi nimeshukuru."

"Umeshukuru nini?"

"Kwamba ni ugonjwa. Nilikuwa nimemtafuta huyo mwanamume kwenye kila kichwa ninachonyoa. Kuna mteja mmoja nimemkata sikio bure."

Mkewe akamgeukia, akajaribu kukunja uso, akashindwa. Kicheko kilimtoka pamoja na machozi, na Bi Taratibu akajifanya anatafuta kalamu kwenye droo mpaka walipotulia.

Kisha akafanya kazi yake. Akaandika maelezo ya mwanamke, akamsomea, akayatia kwenye bahasha na kuifunga kwa lakiri. "Hii anaifungua hakimu peke yake, chumbani kwake. Haisomwi mbele za watu. Shule haihusiki, na hujavunja sheria yoyote. Umekwenda kutibiwa. Kesho mahakamani unaweza kuja au usije, hiari yako."

Ijumaa, hakimu alimsikiliza Fundi chumbani badala ya ukumbini. Alikuwa mzee mkavu, mwenye tabia ya kusoma kidole kikifuata mstari. Alisoma ripoti ya Bi Taratibu, kurasa kumi na moja. Alisoma maelezo ya bandeji mara mbili. Kisha akapasua lakiri na kusoma karatasi ya ndani. Muda wote huo Fundi alisimama mbele ya meza, amevaa gauni alilolishona mwenyewe, mkononi ana mfuko wenye sabuni, mswaki na nguo za kubadili. Alikuwa amekuja tayari kwa kurudishwa.

Hakimu akainua macho. "Jumatano uliulizwa nani alionekana dirishani. Ulijua?"

"Nilijua, mheshimiwa."

"Neno moja tu lingekuokoa. Kwa nini hukulisema?"

Fundi akatazama karatasi iliyokuwa mbele ya hakimu, akatambua sahihi ya chini, herufi kubwakubwa za mtu aliyeacha shule mapema.

"Yeye ndiyo kwanza ana mwezi mmoja, mheshimiwa. Mwezi wa kwanza mtu ni kama yai, ukimshtua anapasuka. Mimi nina mwaka. Nikaona mwenye mwaka ndiye abebe."

Hakimu aliirudisha karatasi kwenye bahasha yake. Alivua miwani, akaifuta kwa joho, akaivaa tena.

"Mahakama hii ilitaka kujua jambo moja tu," alisema. "Kama matibabu yamekubadilisha, au yamekupitia juujuu. Nimekwisha kujibiwa." Akavuta jalada, akaandika, na huku akiandika akawa anatamka: "Masharti yametimizwa yote. Kifungo kilichosalia kimefutwa kuanzia leo. Uko huru, binti. Na dawa endelea nayo mpaka daktari aseme basi, si mimi."

"Asante, mheshimiwa," alisema Fundi. Akabaki amesimama.

"Unaweza kwenda."

"Ndiyo, mheshimiwa." Bado amesimama. Ikabidi Bi Taratibu amshike kiwiko na kumwongoza mlangoni kama anayemvusha barabara.

Mdogo wake alikuwa kwenye ukumbi wa nje, na mumewe kando yake ameshika kofia. Fundi alipomwona, aliangusha mfuko.

"Kwa nini umesema? Tulikubaliana!"

"Nimesema mwenyewe, dada. Kinywa changu, siri yangu."

"Na mumeo?"

"Ananipeleka alfajiri, ananisubiri getini. Amezidi, mpaka watu wananicheka."

Kinyozi akasogea, akainamisha kichwa. "Shemeji, ile barua..."

"Niliona nakala kwenye jalada langu," alisema Fundi. "Mambo uliyoandika ni mabaya, shemeji, na mwandiko ni mbaya zaidi."

Alianza kucheka, akaegemea ukuta. Akateleza ukutani taratibu mpaka chini, akakaa sakafuni katikati ya njia ya mahakama na gauni lake zuri, akaanza kulia kwa sauti. Mdogo wake hakumwinua. Alikaa naye pale pale sakafuni, akamwekea mkono shingoni, vichwa vikagusana. Mawakili walipita wakiwaruka miguu.

Karani alitoka ofisini na rundo la majalada, akasimama. "Jamani, hapa ni mahakamani! Njia imezibwa. Hebu waondolewe hawa."

"Waache," alisema Bi Taratibu, akijiegemeza mlangoni. "Wana ruhusa ya hakimu."